Sauti ya Mwizi wa Mayai

Watu wa Tukuyu wa rika langu wakikutana popote, iwe Mbeya kwenye harusi au Dar kwenye msiba, wakishamaliza kusalimiana kuna mmoja ataitoa ile sauti. Anabana pua kidogo, anaburuza maneno, anajifanya ameshika yai na kulitikisa sikioni, kisha anasema: "Kusema ukweli wa Mungu, hili viza hili, liludishe kwa kuku." Basi wote wanaangua kicheko mpaka wanafutana machozi. Wakiniuliza mbona mimi sicheki, nasema nimecheka, hamkuniona tu.

Wanadhani ni sauti ya mjusi wa kwenye katuni. Sauti hiyo aliitoa mtu mmoja, mtafsiri wa banda la video lililokuwa nyuma ya soko, na ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Bandani walimwita Mtafsiri. Sisi aliotufundisha darasa la pili tulimwita Mwalimu, na mimi mpaka leo nikiwa na hasira naye bado namwita Mwalimu.

Aliacha chaki kipindi kile ambacho kila mtu kwetu alikuwa anaacha kitu. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, makarani wanapunguzwa kazi, mitumba imejaa sokoni, na kila aliyeweza kuuza chochote aliambiwa ruksa, auze. Yeye akateremka Dar, akarudi na runinga, deki na jenereta juu ya lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu. Mji mzima ulitoka kumpokea. Wazee waliokuwa wanamheshimu kwa ualimu wake walisema amerukwa na akili, na baada ya mwezi walikuwa wamekaa benchi la mbele.

Banda lenyewe lilikuwa la mabanzi, limeezekwa bati. Anayeijua Tukuyu anaijua mvua yake. Inaanza asubuhi, inapumzika kidogo watu wale, inarudi. Ikishapiga bati, picha haina sauti tena, unaona midomo inacheza tu. Kwa hiyo hatukuwahi kusikia waigizaji wanasema nini. Tulimsikia yeye. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya runinga, amevaa koti refu la mtumba, mwavuli magotini, mkononi fimbo ile ile aliyokuwa anaonyeshea ubaoni, akawa anasema kwa niaba ya wote: mwanamke, mtoto, polisi, farasi. Farasi wake alikuwa anaongea Kinyakyusa.

Alikuwa hodari, hilo siwezi kumnyima. Aliweza kukuigizia mtu uliyepishana naye asubuhi, ukageuka kumtafuta mlangoni. Katika picha za kivita, jenerali wa maadui alisema kwa sauti ya bwana afya. Mganga wa picha za Kihindi alikuwa mama mmoja wa stendi anayeuza maandazi, pamoja na kikohozi chake. Wenyewe wakisikia walikuwa wanakuja kuangalia, wanacheka, wanajivuna wiki nzima. Kuigwa na Mtafsiri ilikuwa kama kupigwa picha studio.

Wapo waliosema hajui Kiingereza, anabuni. Mimi najua alikijua. Nyumbani alikuwa na kamusi iliyotoka jalada, na jioni ulimkuta na redio sikioni anasikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza, anamrekebisha mtangazaji. Nikisema hivi watu wanadhani namsifu. Simsifu hata kidogo. Asiyejua lugha akikosea, amekosea tu, tunamsamehe. Huyu alijua.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Tusonge mbele, hapa wanaongea tu." Akishasema, anabonyeza deki, watu kwenye kioo wanaanza kukimbia kama siafu waliomwagiwa majivu, mpaka pafike pa vita, pa kukimbizana au pa nyimbo. Watazamaji walimpenda kwa hilo. Mtu aliyetoka kuchuma chai tangu alfajiri, amelowa mpaka kwenye mifupa, hana muda wa kuangalia watu wamekaa mezani wanazungumza. Akizungumza sana mtu kwenye picha, utasikia benchi la nyuma: "Mwalimu, songa!" Naye anasonga. Picha ya saa mbili kwetu ilikuwa ya saa moja na robo.

Palipokuwa na watu wanapigana busu, alisimama akafungua mwavuli mbele ya kioo, akasema, "Hapa wanaagana," na mwavuli haufungwi mpaka waagane. Wakubwa walinung'unika, lakini hakuna aliyewahi kumpokonya mwavuli. Watoto wa wajane aliwaingiza bure, na hakutaka wajulikane kuwa wameingia bure, akawa anajifanya ameshapokea. Enzi za ualimu wake aliwahi kutembea kwa mguu mpaka Lupepo, kwenye tope linalofika kwenye goti, kwenda kumbembeleza mzee mmoja amrudishe bintiye shuleni. Akalala huko siku mbili, mzee akachoka naye. Binti yule leo ni muuguzi. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama yangekuwa uongo.

Ila kuchekwa yeye mwenyewe hakuweza kabisa. Siku moja aliteleza mlangoni mwa banda lake, akaanguka chali, koti lote tope. Vijana wakacheka, si kicheko kikubwa. Alifunga banda siku tatu. Alipofungua alikuwa na kinyongo, na wale vijana hawakuingia tena mpaka walipokwenda kumwomba radhi na kuku.

Sasa niseme kuhusu baba yangu, maana bila yeye hadithi ya Mtafsiri ni ya kuchekesha tu.

Baba alikuwa mnunuzi wa mayai. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole mno, na alifanya kazi hiyo na baba mdogo, ambaye alikuwa mfupi wa duara. Waislamu kwetu si wengi, na wengi wetu tuliishi kwa biashara ndogo ndogo, kwa hiyo walijulikana kote. Walipanda baiskeli zao, tenga nyuma, ndani ya tenga majani makavu ya mgomba, wakazunguka Ikuti, Lupepo, Nkunga, wakarudi Tukuyu na mayai ya kupeleka Mbeya. Kwenye milima ile baiskeli huwa unaisukuma zaidi kuliko kuipanda.

Namna yao ya kununua ilikuwa hivi. Mchana akina mama wako shambani, nyumbani hakuna mtu. Wanaacha kikapu cha mayai mlangoni. Baba anafika, anapiga hodi hata kama anajua hakuna mtu, anachuchumaa. Anachukua yai moja moja, analitikisa sikioni. Likicheza ndani ni viza, analirudisha. Lililo zima anaweka kwenye tenga. Kisha anaacha kwenye kikapu kipande cha sabuni ya mche, au chumvi, au majani ya chai ya pakiti, kwa kadiri ya mayai aliyochukua, na anaondoka. Mwenye nyumba akirudi anakuta sabuni. Ilikwenda hivyo miaka, na sikuwahi kusikia ugomvi. Wakati mwingine mama mmoja alimwachia na ndizi mbivu juu ya mayai, za kula njiani.

Ndipo ikaja ile kaseti.

Ilikuwa katuni ya madinosaria. Mtafsiri aliwaita mijusi ya kabla ya Nuhu. Ilikuwa sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza haikuwahi kupanda mlima kufika kwetu, kwa hiyo hatukujua wale mijusi wametoka wapi wala nani ni nani. Tulijua kuna bonde la kijani lenye wakazi wapole wanaokula majani, na kuna wawili wa nje, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi wa duara, ambao wanalizunguka bonde wakitaka kuchukua yai moja lililopo humo. Kila wakijaribu wanaumbuka. Mmoja anaangukiwa na jiwe, mwingine ananasa kwenye tope, wanagongana vichwa, wanapigwa mkia na bibi kizee wa mijusi. Sehemu za kuchekesha zilikuwa hizo hasa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimekaa benchi la mbele. Yule mrefu akanyata mpaka kwenye kiota, akachuchumaa, akalichukua yai kwa mikono miwili, akaliweka sikioni. Na hapo Mtafsiri akasema, kwa sauti ya baba yangu: "Kusema ukweli wa Mungu, hili viza hili, liludishe kwa kuku."

Banda lilitaka kuanguka. Nami nilicheka. Nataka hili liandikwe. Nilicheka kwa nguvu, nikapiga miguu chini, na niliendelea kucheka mpaka nilipoona waliokaa karibu yangu wanageuka kuniangalia mimi badala ya picha.

Aliionyesha katuni ile mara nyingi sana, maana watu waliidai. Kila mara alikuwa anaongeza. Yule mfupi akawa baba mdogo, anahema, analalamikia mlima. Wakazi wa bonde wakiwaona wanapiga kelele: "Wamekuja! Ficheni mayai!" Mwishoni yai linapasuka, katoto kanatoka, na kale katoto kana pua ndefu kama wale wezi wawili. Mtu angejiuliza hapo, lakini Mtafsiri hakutupa nafasi. Alisema, "Wezi hawa, hata sura wameiba!" Tukacheka tukatoka kwenye mvua.

Mama alitaka kwenda bandani na mwiko. Baba akamzuia.

"Ni katuni, mke wangu."

"Katuni ina baiskeli yako?"

"Haina baiskeli."

"Ina mdomo wako. Inatosha."

"Mwalimu ni mtu mzuri. Amemfundisha mtoto wetu. Watachoka wenyewe."

Hawakuchoka. Watoto wa Nkunga walikuja Jumamosi sokoni, wakaingia bandani, wakarudi kwao na sauti. Baba akitokea tu kwenye kona: "Wamekuja! Ficheni mayai!" Mwanzoni akina mama waliwafokea watoto. Baadaye wakawa wanacheka nao kidogo. Halafu mama mmoja akaanza kuingiza kikapu ndani anapokwenda shamba, si kwa ubaya, alisema, ila kuku wanadonoa. Wa pili akasema apite jioni atakapokuwepo. Wa tatu akahesabu mayai mbele yake. Hakuna aliyemwita mwizi. Baba alirudi na tenga nusu, akasema kuku wanabadilisha manyoya.

Nilijua si manyoya. Mtoto wa miaka kumi si mjinga.

Kisha huko Nkunga mayai ya kuku aliyekuwa anaatamia yakapotea, yote. Vijana wakamsubiri baba na baba mdogo kwenye mteremko. Baada ya siku chache ilikuja kujulikana ni kicheche, walimkuta chini ya kihenge na maganda, na mwenye kuku alituma salamu za kuomba radhi. Wakati huo baiskeli zilikuwa zimeshatupwa korongoni. Baba alirudi kwa mguu, suruali imekakamaa kwa ute wa mayai uliokauka. Akasema ameteleza. Baba mdogo ndiye aliyesema ukweli, na alivyomaliza kuusema akafunga nguo zake akaenda Chunya kwenye dhahabu, na hakurudi hata kwa likizo.

Baba hakupanda tena kwenda vijijini. Akawa anapakia ndizi kwenye malori pale stendi, kazi ya vijana, yeye na kifua chake kibovu. Hata hapo walimwita Viza. Aliitika. Alikuwa mtu wa kuitika. Miaka mitano baadaye akafa kwa kifua, na sitasema katuni imemuua, mimi si mtu wa maneno hayo. Nasema tu kwamba alikuwa na jina zuri katika kata tatu, na jina hilo lilimalizwa kwa kucheka.

Mazikoni Mtafsiri alikuja. Alichimba kaburi tangu mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu jembe. Wakati wa dua alisimama nyuma kabisa, mikono imekunjwa kifuani, kofia ya mvua ameivua, maji yanamtiririka. Mama alimwona. Akaniambia nimpelekee chai, nikampelekea. Akanywa, akasema "ndaga fijo," asante sana, akanirudishia kikombe.

Niliwahi kumchukia mtu huyu kwa namna ya kawaida, kama unavyomchukia mtu aliyekukosea. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nasema moyoni: alitafuta mchezo, akaukuta kwa baba, basi. Katuni ilikuwa na wezi wawili, naye alihitaji sauti mbili. Hata ningekuwa mimi pengine. Chuki ya namna hiyo unaweza kuishi nayo, unashona nguo za watu nayo, unalea watoto nayo.

Mwaka jana binti yangu alirudi likizo na flashi imejaa picha. Ilikuwa mchana, kiangazi, bati limetulia. Nilikuwa nashona sare. Nikasikia muziki, nikainua kichwa, nikaona bonde la kijani.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa rafiki yangu. Ya zamani hiyo mama, ya kitoto. Unaijua?"

"Ianzishe upya."

"Ndiyo kwanza imeanza."

"Basi iache hapo hapo. Usisogeze."

Nikaacha cherehani. Mwanzo ule sikuwahi kuuona maishani mwangu. Wale wawili, mrefu na mfupi, wako kwao, mahali pakavu hakuna hata jani. Ni mtu na mkewe. Yule mfupi ndiye mke. Wana yai moja. Wanalifukia kwenye mchanga wa moto, wanalilalia kwa zamu, wanazungumza. Wanazungumza tu, robo saa nzima, kuhusu jina watakalompa mtoto na chakula watakipata wapi. Kisha ardhi inatetemeka, yai linabingirika, linateremka mteremko mrefu mpaka bondeni, na mtoto wa wakazi wa bonde analiokota, anakwenda nalo kwao. Wale wawili wanasimama juu ya jabali, wanaangalia.

Baada ya hapo ndipo mahali ambapo sisi tulikuwa tunaanzia.

Niliiangalia yote. Wanaangukiwa na mawe, wananasa kwenye tope, kizee anawapiga mkia, na waliotengeneza katuni walitaka tucheke, hilo sikatai. Hawana haya na wao. Lakini walitupa robo saa kwanza. Yule mrefu akanyata mpaka kwenye kiota, akaliweka yai sikioni, akatulia. Bila mvua nikamsikia. Hakusema neno. Alikuwa anasikiliza kama mtoto wake yu hai.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, unalia katuni?"

Nikamwambia amalize kuosha vyombo.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Nikasema labda kaseti ya Mwalimu ilikuwa mbovu mwanzoni. Kaseti nyingi zilikuwa mbovu mwanzoni. Nikasema labda hakuwahi kuona. Nikasema yameshapita. Mwisho nikaona nitakufa na "labda" mdomoni, nikaitia katuni kwenye simu, nikaenda Ikuti alikokuwa anaishi kwa mwanawe.

Mkwewe alinipokea uani, akanisalimia "ugonile," tukasalimiana, akanionyesha jikoni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na moto, amevaa koti, saa tano mchana. Sukari ilikuwa imemmaliza macho yote mawili. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tena makali.

"Shikamoo Mwalimu." Mdomo uliitoa wenyewe.

"Marahaba. Sauti ya mjini hiyo. Nani?"

Nikamtajia jina la baba.

Akatafuta mkono wangu, nami sikumpa. Akaurudisha wake magotini. "Karibu, mwanangu. Kuna uji hapo."

"Sikuja kunywa uji, Mwalimu. Nimekuja usikilize kitu." Nikawasha simu, nikaiweka kwenye meza karibu naye. Muziki ukaanza. Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno lolote kwenye picha, na mtu huyu haoni hata moto ulio mbele yake.

"Hapo wanalifukia yai," akasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Akaendelea, anasema kila jambo kabla halijasemwa, kwa Kiswahili kizuri kuliko alichowahi kukitumia bandani: mke anasema tumwite jina la babu, mume anasema akiwa wa kike je. Nikaizima.

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nimeitazama peke yangu mara nyingi kuliko ninyi wote. Nikishasafisha deki kwa spiriti asubuhi, kaseti niliyokuwa naijaribia ni hiyo. Sehemu hiyo hiyo. Ni nzuri sana."

"Sasa kwa nini?"

"Siku ya kwanza niliionyesha yote. Hukuwepo. Walikuwa watu kama saba. Wawili walilala, mmoja akaniuliza hawa wanaongea mpaka lini. Siku ya pili nikasonga mbele." Alijikuna goti. "Ukishasonga hapo, wale wawili wanakuwa watu wa kuja tu, hawana kwao. Inabidi uwape kitu. Asubuhi ile baba yako alikuwa amepita na mdogo wake, mrefu na mfupi. Nikawapa hao."

"Mji mzima umejaa watu, Mwalimu. Bwana afya ulimfanya jenerali."

"Jenerali mtu anapenda. Wezi ningempa nani? Ningempa mtu mkali, angenichomea banda. Baba yako alikuwa mpole." Alisema hivyo bila haya, au labda haya zilikuwa zimekwisha zamani, sijui. "Nilijua hatanifanya kitu."

Nilisimama. Nilikuwa nimepata nilichofuata na sikuwa na haja ya kukaa tena hapo. Nikachukua simu yangu. Nilikuwa mlangoni aliposema, "Alikuja, lakini."

"Nani?"

"Baba yako. Bandani. Ilikuwa mvua, picha inaendelea, mimi nimetoka kutia mafuta kwenye jenereta. Akanikuta huko nyuma. Hujui?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Alisema hivi."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo, na baba yangu akaongea mle jikoni. Haikuwa ile ya kwenye harusi, ile ya kubana pua na kuburuza. Hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi mpaka ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Miaka mingi nikijaribu kumkumbuka baba akinisemesha, ilikuwa inakuja hiyo ya vichekesho, nami nikaacha kujaribu. Hii ilikuwa ya chini, ya mtu aliyepanda mlima na hataki ujue amechoka.

"Mwalimu, sikuja kugomba. Watu wacheke, na mvua yenyewe hii. Ila yule mjusi wako, siku moja umpe nafasi aseme na yeye. Hata mala moja. Aseme kwa nini analitaka hilo yai. Mwanangu yumo humo ndani, anasikiliza."

Moto ulilia, mkwewe akaingia akaongeza kuni, akatoka.

"Ukampa?" nikamuuliza.

"Sikumpa. Walikuwa wameshazoea vile."

Nilirudi nikakaa kwenye kigoda. Sikuwa na maneno makali tena, si kwamba hasira ilikuwa imepoa, haijapoa mpaka leo ninavyoandika. Ila mama ameshafariki. Baba mdogo hatujui yuko wapi. Kanda yenye sauti ya baba hatukuwahi kuwa nayo, picha yake ninayo moja, na picha haisemi. Nilihesabu watu wote ninaowafahamu, nikaona kwamba sauti ya baba yangu imebaki mahali pamoja tu hapa duniani, na mahali penyewe ni kwenye koo la mtu huyu, naye sukari inammaliza.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Alivyosema baba."

Akageuza uso upande niliokuwa nimekaa, akakosea kidogo, akawa anaangalia ukuta.

"Unisamehe kwanza," akasema.

Nikamwambia nimemsamehe. Nilidanganya, na nadhani alijua. Akakohoa kidogo, akarudia.